CHOMBO KIKIHARIBIKA, LAWAMA NI YA NANI?

Ndugu wanachama, twaomba mfikiri habari hii. Tarehe 28 Aprili 2025, waongoza ndege walioko Philadelphia, Marekani, ambao kazi yao ni kuziangalia ndege zikaribiapo kiwanja cha Newark, walipotewa na rada na simu ya upepo kwa muda upatao sekunde 90. Ndege zi angani na watu wamo, nao hawakuziona wala hawakuweza kusema na marubani. Baadaye baadhi yao walichukua ruhusa kwa ajili ya mshtuko, nayo ni haki yao kwa sheria. Mara mkuu wa kampuni moja ya ndege akanena kwamba wameacha kazi!

Sisi twauliza: ni nani hasa aliyeacha kazi yake? Mwezi wa Julai 2024 wakubwa waliihamisha kazi hiyo kutoka New York, na habari za rada zikawa zaletwa kwa nyaya za shaba za zamani. Tarehe 9 Mei 2025 rada ilizimika tena. Mtumishi hakuzitandika nyaya hizo, wala fedha za kuzibadili hazimo mkononi mwake.

Twaijua methali waipendayo mabwana: mchagua jembe si mkulima. Vema, lakini jembe bovu huharibu shamba la mtu mmoja, na rada mbovu huhatarisha roho za mamia. Atakaye kazi njema na atoe kwanza chombo chema, ndipo aulize hesabu.