Kicheko cha Matanga: Hadhira ya Kitui na Makueni mbele ya Filamu ya Kuchekesha na Kutisha

Ipo aina ya filamu ambayo humweka mtazamaji njia panda, asijue kama acheke au ashike tama. Mtu anaporwa, anapigwa, pengine anauawa, na papo hapo mwongozaji anatia neno au kitendo kinachotekenya mbavu. Katika mabanda ya video ya masoko ya Ukambani, kutoka Mwingi na Mutomo hadi Emali na Kibwezi, na siku hizi katika simu za mkononi zinazozungukwa na vichwa vitano au sita, filamu za namna hii hupokewa kwa mitazamo inayokinzana. Wapo wanaocheka hadi machozi yakawatoka. Wapo wanaonyamaza kimya cha kutisha. Wapo pia wanaoinuka na kwenda zao, wakisonya njiani.

Aghalabu, wenye kuzungumzia sinema katika miji mikubwa huufafanua mgawanyiko huu kwa wepesi. Husema kwamba hadhira ya mashambani haijakomaa. Kwamba imezoea filamu za ngumi na risasi ambamo mwema ni mwema na mbaya ni mbaya, na kwa hivyo ikikutanishwa na mchanganyiko wa kifo na mzaha hubabaika. Makala haya yanashikilia kinyume cha dai hilo. Hadhira ya Kitui na Makueni inaujua mzaha wa kifo pengine kuliko wale wanaodai kuifundisha. Inapokataa kucheka huwa ina sababu, na sababu hiyo ndiyo mhakiki anayopaswa kuitafuta.

Mfano ulio karibu ni filamu ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kushindania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni, na mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo. Wengi huiita filamu ya uhalifu. Hata hivyo, anayeitazama kwa makini ataona kwamba uti wake wa mgongo ni ucheshi. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ya kwanza tu anaporwa. Anatiwa korokoroni, analazimishwa kusafisha choo ambacho hakielezeki, kisha anatoka humo akiwa amepata marafiki wa kumwingiza katika genge la wizi wa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Mwishoni wenzake wanauawa, naye anapanda jukwaani akiigiza mbele ya watu wanaompigia makofi.

Nani acheke hapo? Jibu linategemea mtazamaji amekaa upande gani wa barabara. Kijana wa Wote au wa Mtito Andei aliyekwisha kushuka katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, akapotezwa njia na makanga na kutozwa mara mbili ya nauli, huyo anacheka Mwas anapoporwa. Anacheka kwa sababu anajiona. Kicheko chake ni cha mtu aliyenusurika, na hakina uhusiano wowote na ukatili. Mama aliyeketi nyuma yake, ambaye mwanawe yuko Nairobi mwezi wa nne sasa bila simu wala salamu, hawezi kucheka tukio lilelile. Kwake yeye Mwas bado hajanusurika. Ndiyo kwanza anashuka garini. Filamu ni moja, banda ni moja, lakini wawili hawa wanatazama nyakati mbili tofauti za safari moja. Kusema kwamba kijana ameielewa filamu na mama hakuielewa ni kukosa adabu ya uhakiki. Kwa hakika, huenda mama ndiye aliyeielewa zaidi, kwa kuwa mwisho wa filamu unampa yeye haki.

Kuna pia suala la polisi. Katika filamu hiyo maafisa wa usalama ni washirika wa majambazi hadi siku wanapoamua kuwaua. Mwaka 2012 jambo hilo liliweza kupokewa kama chumvi ya msanii. Lakini mnamo Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliokuwa naye waliuawa baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko, kaunti jirani ya Machakos, na mwezi Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Anayeitazama filamu hiyo leo haitazami kwa macho ya mwaka 2012. Kicheko kilichokuwa rahisi kimepata uzito ambao mwongozaji hakuukusudia, na si haki kumlaumu mtazamaji kwa kukumbuka.

Turejee kwenye dai kwamba Wakamba wa mashambani hawajui mzaha wa aina hii. Ushahidi wa kulipinga umo katika lugha yao wenyewe. Jamii ya Wakamba huyapa majina majanga yake ya njaa. Ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ile ya mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, ilipewa jina la ndege, Ndeke. Na ile ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 ikaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa nikiwa nacho mkononi. Watu walikuwa na fedha. Chakula cha kununua hakikuwepo. Msomaji na alitafakari jina hilo. Ndani ya maneno mawili mna kifo, mna kejeli ya uchumi wa soko, na mna mtu anayejicheka mwenyewe akiwa na noti kiganjani na tumbo tupu. Hakuna mwandishi wa miswada ya filamu atakayeandika mstari bora kuliko huo, na walioutunga walikuwa wakulima wenye njaa.

Mfano mwingine unatoka katika majina ya watu. Mtoto akizaliwa baada ya nduguze kufariki, Wakamba walikuwa na desturi ya kumwita Mbiti, yaani fisi. Katika zama ambapo maiti nyingi hazikuzikwa bali ziliachwa porini, fisi ndiye aliyekuwa kaburi. Kumwita mtoto jina la kaburi lake, tena kwa mapenzi na kwa matumaini kwamba ataishi, ni mzaha mzito ambao mzazi anamtupia kifo usoni. Jina hilo amelibeba mwanatheolojia mashuhuri John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, ambaye mwaka 1966 alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Wakamba. Na katika hadithi hizo za jioni, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, zimwi humla mtu na wasikilizaji wakacheka kabla ya kuogopa kwenda kulala. Hadhira iliyolelewa hivyo haihitaji kufunzwa na mtu kwamba kicheko na hofu hulala kitanda kimoja.

Basi ni nini kinachokataliwa? Makala haya yanaona kwamba kinachokataliwa ni mzaha ambao anayeumia hana sehemu ndani yake. Mkulima aliyesema Nikw'a Ngwete alikuwa akijicheka. Tofauti kabisa na hiyo ni ucheshi ambao kwa miaka mingi umetawala redio, televisheni na majukwaa ya Nairobi, ambapo Mkamba huletwa kama bawabu au mtumishi wa nyumbani anayechanganya sauti zake, au kama mganga mwenye kamuti yake kibindoni. Lafudhi yenyewe inafanywa kichekesho. Hakuna la ziada. Mtazamaji wa Kitui amelichoka hilo. Anapoona filamu ambayo mhusika wa kufa kwanza, tena kwa namna ya kuchekesha, ndiye mwenye lafudhi ya mamake, hanyamazi kwa kushindwa kuelewa. Ameelewa vyema mno.

Ajabu ni kwamba hadhira hiyohiyo humpokea kwa furaha DJ Afro, msimulizi anayetia sauti yake ya Kiswahili cha mtaani juu ya filamu za Marekani na za Kihindi. Yeye huweka mzaha juu ya kila pigo na kila risasi. Wasomi wa lugha wanaweza kukunja nyuso kwa sababu ya Kiswahili chake, na pengine wana hoja. Lakini kuna jambo analolifanya ambalo waongozaji wengi hawalifanyi: anahamisha mahali pa kuchekea. Jambazi wa mji wa mbali anageuzwa kuwa mtu wa mtaa unaojulikana, na shujaa anakuwa kijana anayedaiwa kodi ya nyumba. Watazamaji wanapewa sehemu ndani ya mzaha. Kwa hiyo wanacheka hata mahali ambapo filamu asilia haikukusudia kuchekesha.

Haifai pia kuwapuuza wanaoinuka na kuondoka. Miongoni mwao wamo waumini wanaoona kwamba kucheka mbele ya damu ni dhambi. Ukambani ni ardhi iliyohubiriwa kwa muda mrefu. Kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland kilianzishwa Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Malezi hayo yana uzito wake na hayastahili kebehi. Tatizo huanza pale msimamo wa mtu binafsi unapogeuzwa kuwa amri ya dola. Mnamo Januari 2014, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu ya kuchekesha kuhusu ulaghai wa fedha, kwa sababu ya uchi na dawa za kulevya. Mtu mzima akaamuliwa. Ulaghai wenyewe, ambao ndio kiini cha filamu, haukupata kujadiliwa, ilhali hakuna tarafa Kenya isiyokuwa na mtu aliyepoteza akiba yake katika miradi ya upatu. Mtazamaji anayeondoka bandani kwa hiari yake ametoa uhakiki. Bodi inayofunga mlango kabla hajaingia imemnyima nafasi ya kuutoa.

Wanaodhani kwamba mgawanyiko wa hadhira ni dosari ya Afrika na waitazame Parasite ya Bong Joon-ho, kutoka Korea Kusini. Ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2019 na Oscar nne mwaka 2020, ikiwemo ya filamu bora. Familia maskini inajipenyeza kwa hila katika nyumba ya matajiri, na mtazamaji anacheka kila hila inapofaulu. Kisha mvua inanyesha. Kwa matajiri ni mvua iliyosafisha hewa. Kwa maskini ni mafuriko ya maji machafu ndani ya nyumba. Kutoka hapo kicheko kinakuwa kigumu kumezeka. Mtu wa Makueni aliyewahi kuona mto mkavu ukifurika kwa saa moja na kuondoka na mbuzi wake ataipokea sehemu hiyo kwa namna ambayo mtu wa ghorofani hataweza. Hilo halimfanyi mmoja kuwa mtazamaji bora.

Upande wa taaluma ya Kiswahili, pengo ni kubwa. Istilahi zipo: tanzia, ramsa, na mseto wake wa tanzia-ramsa, ambazo wanafunzi huzisoma katika kazi kama Kamusi ya Fasihi ya Kyallo Wadi Wamitila ya mwaka 2003. Lakini zilikuja kwa ajili ya jukwaa, na hazitoshi kueleza filamu ambamo mtu anacheka na kutishika katika pumzi moja. Wengine wamependekeza kusema ucheshi mweusi. Pendekezo hilo halivutii. Linaazima rangi kutoka lugha nyingine na kutuachia kazi ya kuitetea. Kiswahili kina njia yake. Watani, katika jamii nyingi za Tanzania, huja matangani wakafanya mzaha juu ya marehemu, wengine wakathubutu kulala kaburini hadi walipwe ndipo mazishi yaendelee. Mzaha huo una kanuni: si kila mtu anaruhusiwa kuufanya, na anayeruhusiwa ana wajibu kwa wafiwa, kwani ndiye pia huchota maji na kuchimba kaburi. Kicheko cha matanga kingekuwa jina la haki kwa aina hii ya sanaa, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo rangi nyeusi haiulizi: huyu anayetuchekesha juu ya maiti ni mtani wetu, au ni mpita njia?

Kwa kipimo hicho hata tamthilia zilizozoeleka darasani zingesomwa upya. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1995, inawachekesha wasomaji kwa Ame na Zidi wanaosubiri msaada wa wengine huku wakioza. Je, mwanafunzi wa Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, aliyekulia katika kijiji kilichopanga foleni ya mahindi ya msaada, huicheka mahali palepale anapoicheka mwenzake wa mjini? Swali hilo linaweza kuulizwa katika semina yoyote bila gharama yoyote, na majibu yake yangekuwa na manufaa zaidi kuliko orodha nyingine ya maudhui na dhamira. Vivyo hivyo kwa Mwas. Jukwaani usiku ule, waliomshangilia ni watu wa Nairobi waliolipa kiingilio na wasiojua ametoka wapi saa chache zilizopita. Bandani Kibwezi wamo wanaojua, kwa kuwa wameitazama filamu yote. Na hapo ndipo wengine hupiga makofi pamoja na wale wa kwenye filamu, na wengine wakabaki na mikono mapajani.