Mapenzi Hayatibu Ubongo

Hapa Kitengela, iwe saluni au kwenye matatu ya Nairobi, filamu ya The Notebook ya mwaka 2004 ikitajwa hakosekani mtu wa kusema kwamba anayekupenda kweli hawezi kukusahau. Mzee Duke anamsomea mkewe Allie daftari la maisha yao, mke anamkumbuka, wanacheza dansi chumbani. Tuitendee haki filamu: dakika chache baadaye Allie anapiga mayowe akimwogopa mume huyo huyo. Lakini watu hubaki na dansi. Imani hiyo ni uongo, na nimeona jinsi inavyoumiza.

Shangazi yangu anakaa karibu na soko la Noonkopir. Mumewe ana ugonjwa wa Alzheimer. Kabla hakujapambazuka mzee huchukua fimbo yake akatoka kutafuta ng'ombe waliokufa katika ukame wa 2009. Machoni pake uwanda ungali wazi mpaka Athi. Akitoka anakutana na kuta za mawe na ploti za hamsini kwa mia. Vijana wa bodaboda wameshamtoa barabara ya Namanga mara kadhaa. Sasa shangazi hulifunga geti kwa kufuli, akalala na ufunguo shingoni.

"Mama, wewe ni wa nyumba gani?" mzee humuuliza, baada ya miaka arobaini ya ndoa.

Majirani wananong'ona kwamba labda ndoa ile haikuwa na upendo. Mmoja alimshauri amwonyeshe picha za harusi kila jioni, kama Duke na daftari lake. Shangazi akajaribu. Mzee akawa analia, kwa kuwa kila jioni aliulizwa swali asiloweza kulijibu.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokiona katika ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter baada ya kifo chake: ubongo uliosinyaa, wenye vijibonge na nyuzi zilizosokotana. Seli zikifa, hazichagui kati ya jina la mke na bei ya mbuzi. Gena Rowlands, aliyeigiza Allie wa uzeeni, aliugua ugonjwa huo huo. Mama yake aliugua kabla yake. Mwanawe Nick Cassavetes, ambaye ndiye aliyeiongoza filamu, aliutangaza ugonjwa wa Gena hadharani mwaka 2024, na Agosti mwaka huo Gena akafariki. Nani atathubutu kuiambia familia ile kwamba haikupendana vya kutosha?

Halafu Allie yuko kwenye makao yenye wauguzi. Kwa shangazi muuguzi ni shangazi, na mfuaji wa mashuka ni yeye. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaobeba takribani asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wenye dimenshia. Ukimpenda mwanamke wa namna hiyo, nenda ukakeshe na mgonjwa wake usiku mmoja, yeye apate kulala. Habari za mapenzi yasiyosahau usimpelekee.

Picha za harusi zimerudi kabatini. Jumapili iliyopita nilimkuta mzee amesimama getini na fimbo.

"Ng'ombe wamerudi?"

"Wamerudi wote, mzee," shangazi akamjibu. "Wamelala."

Mzee akampa fimbo aishike, akaketi, akanywa chai yake.