Usifute tilde, rekebisha fonti

Jirani yangu hapa Chaka, shosho mwenye kitalu cha miche, aliniomba nimchoree grafu ya mbegu zake: ngapi zilipandwa, ngapi zimeota. Nikaandika mistari michache ya Python, nikatumia Matplotlib, na kwa kuwa nilitaka ipendeze nikachagua fonti niliyoipakua zamani. Grafu ikatoka safi, nguzo zimenyooka. Nikamwonyesha kwenye simu. Akaitazama, akauliza, "Kijana, huu ni mti gani?"

Chini ya nguzo ya kwanza palikuwa na m, kisanduku, i, r, kisanduku kingine. Ulikuwa mũirĩ, yaani Prunus africana. Majina ya mũtamaiyũ na mũtarakwa nayo yalikuwa yameharibika.

Rafiki yangu mmoja, naye mtu wa kompyuta, akanishauri: "Andika muiri tu, watu wataelewa." Hapo ndipo tulipoachana.

Tilde katika Kikuyu si pambo. Lugha hii ina irabu 7, herufi za irabu tulizorithi ni 5, kwa hiyo ĩ na ũ zinabeba zile 2 zilizobaki. Irĩma ni milima. Irima ni shimo. Hebu fikiria grafu ya vilele vya Mlima Kenya, Batian mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985, halafu kichwa chake kinasema shimo! Namba moja ikikosewa tunachora upya, lakini jina likikosewa tunasema "wataelewa". Tena alama ya µ au ya nyuzi joto ikigeuka kisanduku, hakuna anayesema tuiondoe. Tunakesha tukiitafutia dawa.

Na hapa dawa ipo. Kwanza tuelewe ugonjwa. Kisanduku hakimaanishi kwamba kompyuta haiijui herufi. Katika Unicode ũ ina namba yake, 361, na ĩ ni 297. Kinachokosekana ni umbo la herufi hiyo ndani ya fonti uliyochagua. Matplotlib hata hukuonya kwamba umbo namba 361 halipo, ila tumezoea kuyapita maonyo bila kuyasoma.

Haya, fanya hivi:

1. Matplotlib. Tangu toleo la 2.0 (mwaka 2017) fonti yake ya kawaida ni DejaVu Sans, na herufi zetu zimo. Ukipenda fonti nyingine, tangu toleo la 3.6 (mwaka 2022) unaweza kuipa orodha. Herufi isiyopatikana katika fonti ya kwanza itachukuliwa kutoka ya pili:

plt.rcParams["font.family"] = ["Fonti Yako", "DejaVu Sans"]

2. gnuplot. Andika:

set encoding utf8
set terminal pngcairo font "DejaVu Sans,12"

Ukikuta mafunzo ya zamani yanayosema utumie iso_8859_1, yaache. Usimbaji huo ulitengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Una ñ na õ, lakini ĩ na ũ hazimo.

3. Tilde ikielea pembeni ya herufi, huenda ũ yako imeandikwa kwa alama mbili, u kisha tilde peke yake. Ziunganishe kabla ya kuchora:

jina = unicodedata.normalize("NFC", jina)

Najua wapo watakaosema grafu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo haya ni makelele ya bure. Sawa, kama grafu ni ya profesa aliye mbali. Lakini takwimu nyingi za huku kwetu zina majina ya miti, mito na vijiji, na mwenye kuzijua vizuri kuliko sisi ni yule aliyezitoa. Tukimwandikia majina asiyoweza kuyasoma, tumemfukuza mtu pekee anayeweza kutusahihisha.

Kwa shosho nilibadilisha mstari mmoja tu, nikachora tena. Safari hii aliyasoma majina yote kwa sauti, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye mũtarakwa akanyamaza kidogo, kisha akaniambia namba yake nimeikosea.

Na kweli, nilikuwa nimeikosea.