Msigombane na mleta mzigo, andikeni malalamiko

Kuna hili la mleta vifurushi kuandika "mteja hakupatikana" ilhali hakupiga simu wala kufika. Limempata jirani yangu hapa Tabata. Dawa za kisukari za mama yake zilirudishwa ghalani, na alipompigia yule kijana akajibiwa, "Dada, njoo uchukue mwenyewe, mimi nina mizigo mingi." Na alishalipia kuletewa mlangoni! Inauma sana.

Ndugu zangu, kufokeana kwenye simu hakusaidii. Tunza risiti na namba ya kufuatilia mzigo. Kwa vifurushi vya posta kutoka nje ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi vilikotoka. Hifadhi orodha ya simu zilizoingia siku hiyo, ionekane hakuna aliyekupigia. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wakikaa kimya, peleka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), maana posta na vifurushi viko chini yao pia, si simu na intaneti tu. Na msimamizi wa waleta mizigo naye abanwe: kijana akipangiwa mizigo isiyomalizika kwa siku, wateja wa mbali ndio atakaowaruka.