Kifungu kisichosomwa

Mfanyabiashara wa Kariakoo hubishania bei na kiwanda cha China hadi senti ya mwisho, kisha hutia saini kifungu cha usuluhishi bila kukisoma. Kesho mzigo ukija mbovu, atajua kwamba shauri lake ni la Beijing.

Waaustralia wamejipanga. Kituo chao cha usuluhishi, ACICA, chenye ofisi Sydney, kipo tangu 1985. Kampuni yao ya Castel ilipogombana na TCL ya Zhongshan, China, kuhusu viyoyozi, tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ilitolewa Melbourne mwaka 2010. TCL ilipinga hadi Mahakama Kuu ya Australia, ikashindwa Machi 2013.

Nairobi nayo ina kituo chake, NCIA, chini ya sheria ya 2013. China, Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa New York wa 1958, hivyo tuzo ya Nairobi inaweza kukaziwa China. Kweli, mnunuzi wa kontena moja hana ubavu wa kumwamuru muuzaji. Vyama vya wafanyabiashara vinao. Viandike kifungu cha mfano, kitaje mji na kituo, na wanachama wakidai kabla ya kulipa malipo ya awali.