King Majuto hakuwa mpuuzi

Makala iliyodai kwamba vichekesho vya King Majuto vilikuwa upuuzi mtupu imepotoka. Majuto, yaani Amri Athumani, msanii wa Tanga aliyefariki Agosti 8, 2018, aliigiza wazee wakware na wenye tamaa hadi mtazamaji akajiona mwenyewe. Huo ni utani, na sisi wa Tabora tunaujua. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo karne ya 19 walijenga utani na Wazaramo. Msibani, mtani huzuia jeneza, humsema marehemu kwa uchoyo wake, wala hapishi mpaka apewe chochote. Jamii inayoruhusu ukweli usemwe makaburini isiudharau ukweli huohuo ukisemwa kwenye filamu. Majuto alifundisha, apewe heshima ya mwalimu.