Kurudisha mbuzi si talaka: wachungaji na wazee waache kubariki ndoa za uongo

Beni na Butembo zimejaa familia zilizotawanyika. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yanafukuza watu wa Mbau, Eringeti na Oicha. Mwaka 2024 vita vya M23 vikaleta wengine kutoka Kanyabayonga na Kirumba. Bwana alikimbilia huku, bibi akabaki kule. Miaka inapita, mwingine anapatikana. Wazee wanaketi, mbuzi za mahari zinarudishwa, kanisa linaimba. Watu wanasema: yule wa kwanza wamekwisha kuachana.

Hapana, hawajaachana. Katika Kongo hakuna mzee, mchungaji wala shefu wa kata mwenye uwezo wa kuvunja ndoa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema wazi katika kifungu cha 354: hakuna anayeruhusiwa kufunga ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa au kubatilishwa. Kama si kifo, ni tribunali peke yake inayoivunja. Hata kupeleka ombi tribunali hakutoshi, maana hakimu anaanza kwa kujaribu kuwapatanisha. Mpaka hukumu ya mwisho itoke, wale wawili bado ni bwana na bibi. Kukaa mbali miaka mitano hakubadilishi kitu.

Nani analipa uongo huu? Ni mama wa pili, yule aliyelima, aliyeuza sokoni, aliyejenga parseli pamoja na bwana. Siku bwana anakufa, robo tatu ya mali ni ya watoto wake, pamoja na wale wa nje ya ndoa ambao aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki, mjane anagawana na wazazi na ndugu za marehemu. Na mjane mbele ya sheria ni yule wa kwanza, aliyebaki kule. Mama wa pili anatoka na nguo zake. Watoto wake, kama baba hakuwatambua, wanatoka naye.

Wengine wanajibu: tribunali inakula pesa, na sisi ni watu wa vita. Ni kweli pesa hakuna. Lakini maskini anaweza kuomba aondolewe gharama. Wengine wanasema tangu hali ya dharura ya Mei 2021 ni wanajeshi tu wanaohukumu. Kilichopelekwa mahakama za kijeshi ni kesi za jinai. Talaka si jinai. Na yule ambaye mwenzake alipotelea msituni, hajulikani kama ni mzima, sheria inamfungulia njia tribunalini: hakimu anaweza kutangaza kwamba mtu ametoweka au amekufa. Baraza la familia haliwezi.

Basi wachungaji, mapadri, wazee wa familia, na ninyi mnaoandikisha ndoa katika komine, kuanzia Mulekera mpaka Bulengera: kabla ya kubariki, ulizeni karatasi moja. Hukumu ya talaka, ao cheti cha kifo. Barua ya familia haitoshi, hata ikiwa na sahihi kumi. Pasipo karatasi, pasiwe na harusi.

Na akina baba ambao tayari wanaishi hivyo: nendeni mkatambue watoto wenu sasa, mkiwa wazima. Kaburini hakuna anayetia sahihi.